Eto'o au Drogba? Pima mzigo kabla ya kuhesabu mabao

Swali: Kijiweni kwetu Morogoro kuna ubishi usiokwisha. Mmoja anasema Samuel Eto'o ndiye mshambuliaji mkubwa kuliko wote waliotoka Afrika katika kizazi chake, mabao na mataji yanajieleza. Mwingine anasema Didier Drogba aliibeba Chelsea mgongoni na hakuna fainali aliyoiogopa. Wa tatu anasema asiye na Kombe la Mataifa ya Afrika asitajwe kabisa. Mtueleze, mchezaji aliyekwisha kutundika daluga anapimwaje, na kati ya hawa wawili nani mkubwa?

Jibu: Ndugu msomaji, ubishi wenu hauishi kwa sababu mnajibu maswali matatu kwa pumzi moja. Rafiki yako wa kwanza anaulizia ubora wa miaka mingi. Wa pili anaulizia nani alisimama siku ilipokuwa nzito. Wa tatu anaulizia vikombe vya taifa. Kila mmoja ana haki kwenye swali lake, ndiyo maana hakuna anayeshindwa. Dawa ni kukubaliana kipimo kabla majina hayajatajwa. Ukitaja jina kwanza, kila mtu atachonga kipimo kinachomtosha mtu wake, kama fundi anayemshonea shati mteja mmoja kisha akawalaumu wengine kwamba wana mabega mapana.

Kipimo ninachokitumia kina sehemu tano: kilele chake kilifika wapi, alidumu kwenye ubora huo muda gani, alifanya nini mechi zilizoamua taji, alipewa kazi gani uwanjani (huo ndio mzigo), na alilifanyia nini taifa lake. Sehemu hizi hazina uzito sawa, nitalirudia hilo mwishoni kwa alama kamili. Aliyoyafanya baada ya kustaafu, na yale aliyoyafanya nje ya uwanja, yana karatasi yake ya pembeni. Yasimwongezee mtu bao wala yasimpunguzie.

Anzeni na hesabu, lakini iwe hesabu safi. Chukueni karatasi, kila msimu upate mstari wake. Andikeni umri wake msimu huo, mechi za ligi alizoanza, alizoingia kutoka benchi, dakika alizocheza, mabao, na mangapi kati ya hayo ni penalti. Ligi iandikwe peke yake, mashindano ya Ulaya peke yake, timu ya taifa peke yake. Mechi za kirafiki zisiingie. Kosa linaloharibu mijadala mingi ni kubeba jumla ya maisha yote ya mchezaji kama gunia moja. Drogba alimalizia soka Marekani akiwa na Phoenix Rising mwaka 2018, akiwa na miaka 40. Eto'o alipita Anzhi ya Urusi, klabu mbili za Uturuki, kisha Qatar, akaaga mwaka 2019. Mabao ya huko ni halali, ila ukiyamwaga kwenye gunia moja na mabao ya Ligi ya Mabingwa utakuwa unapima nani alichelewa kustaafu.

Haya, tuusome mstari wa Drogba wa Ligi Kuu ya Uingereza kuanzia 2004-05: mabao 10, 12, 20, 8, 5, 29, 11, 5, halafu 4 aliporudi Chelsea kwa msimu mmoja wa 2014-15. Jumla 104 katika mechi 254. Usomeni polepole. Ndani yake kuna viatu viwili vya dhahabu, tuzo ya mfungaji bora wa ligi, 2007 na 2010, lakini misimu saba kati ya tisa hakuvuka mabao 12. Wengi wakiusikia mstari huu kwa mara ya kwanza hushtuka, maana Drogba wanayemkumbuka ni wa misimu ile miwili pamoja na fainali. Kumbukumbu haina tabia ya kuhifadhi Jumatano za Novemba.

Eto'o naye, kwa miaka mitano ya Barcelona, 2004 hadi 2009, alifunga mabao 108 ya La Liga katika mechi 144. Hayo ni mabao matatu kila mechi nne, kiwango kisichofikiwa na washambuliaji wengi waliobaki ligi kubwa muda wote huo. Msimu wa 2005-06 alikuwa mfungaji bora kwa mabao 26. Septemba 2006 aliumia goti, msimu ukamwishia na mabao 11. Uliofuata 16. Halafu 30 msimu wa 2008-09. Angalieni jambo moja: msimu wake mbaya kuliko yote pale, wenye goti lililopasuliwa, una mabao 11, sawasawa na Drogba wa 2010-11.

Lakini hata hapo msiikimbilie hukumu. Huo msimu wa 2010-11 Drogba aliuguzwa na malaria, na klabu yake ilithibitisha hivyo Novemba 2010. Msimu wenye mabao machache uulizwe kwanza sababu: alikuwa mgonjwa, alikuwa kwenye Kombe la Mataifa mwezi mzima wa Januari, alihamishiwa namba nyingine, au alishuka kweli? Wachezaji wa Afrika mnawadhulumu mkisahau Januari. Ndiyo maana dakika zinasema kweli zaidi kuliko idadi ya mechi. Gawanya dakika kwa mabao. Mwenye dakika 2,700 na mabao 20 anafunga kila dakika 135. Mwenye dakika 1,350 na mabao 12 anafunga kila baada ya dakika 112 na nusu, ingawa kwenye orodha ya wafungaji anaonekana yuko nyuma. Kisha ondoa penalti, ugawe tena. Kwa hawa wawili penalti hazibadilishi sana picha, maana Chelsea mpigaji wa kwanza alikuwa Frank Lampard, na Barcelona ya mwanzo mpira uliwekwa na Ronaldinho.

Kipo kipimo kingine ambacho vijiwe vingi hawakitumii, nacho ni sehemu ya mabao ya timu. Barcelona ya 2008-09 ilifunga mabao 105 ya ligi, 30 yakawa ya Eto'o. Chelsea ya 2009-10 ilifunga 103, na 29 yakawa ya Drogba. Pigeni hesabu: wote wawili wamebeba asilimia 28 na ushei. Kwa hiyo anayesema Eto'o alifunga kwa sababu timu ilikuwa tamu, na anayesema Drogba hakuwa mfungaji, wote wamekosea. Wakiwa kileleni walikuwa karibu bega kwa bega. Kilichowatenganisha ni mara ngapi kila mmoja alipanda hadi pale.

Sasa mzigo, na hapa ndipo ninapoomba mtulie, kwa sababu ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote.

Kazi ya Drogba chini ya José Mourinho ilikuwa kusimama mbele peke yake. Mpira mrefu unatoka kwa kipa Petr Čech, yeye anaupokea akiwa amewapa mgongo mabeki wawili, anauzuia kwa kifua au paja mpaka viungo wapande. Mabeki wawili wakishaganda kwake, nafasi nyuma yao inakuwa ya Lampard. Msimu ule wa 2009-10 ambao Drogba alifunga 29, Lampard, kiungo, alifunga 22. Mabao hayo ya Lampard hayamo kwenye karatasi ya Drogba, lakini jasho lake limo ndani yake. Tena kona ya wapinzani ikipigwa, Drogba alisimama kwenye nguzo ya karibu akiondoa mipira kwa kichwa. Straika wa namna hii ukimpima kwa mabao matupu umempima nusu.

Eto'o alizoeleka kama mwindaji wa nyuma ya mabeki, mbio fupi na mguso mmoja. Ila someni alichofanyishwa. Tarehe 2 Mei 2009, Barcelona ilipoifunga Real Madrid 6-2 kule Bernabéu, Pep Guardiola alimvuta Lionel Messi katikati akampeleka Eto'o pembeni kulia. Mfungaji wa mabao 30 anaambiwa apishe. Wiki chache baadaye, fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Roma dhidi ya Manchester United, dakika ya 10 aliingia kutoka upande huohuo, akampita Nemanja Vidić na kufunga la kwanza.

Kisha akabadilishwa na Zlatan Ibrahimović, Barcelona ikaongeza na fedha juu yake, akaenda Inter. Msimu wa 2009-10 alifunga mabao 12 tu ya ligi. Mtu wa takwimu atauandika kuwa ni msimu dhaifu. Huo ndio msimu Inter ilichukua ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa, na Eto'o akawa mchezaji wa kwanza kuchukua mataji matatu makubwa misimu miwili mfululizo akiwa na klabu mbili tofauti. Namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, alikuwa Diego Milito. Eto'o alikuwa winga anayekimbia kurudi nyuma. Aprili 28, 2010, marudiano ya nusu fainali Camp Nou, Thiago Motta alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 28, na Inter waliobaki kumi walikuwa wakilinda ushindi wa 3-1 wa nyumbani. Muda uliobaki Eto'o alicheza kama beki wa pembeni. Walifungwa 1-0 na wakasonga mbele. Itafuteni mechi hiyo nzima muione. Bao hana hata moja, pasi ya bao hana, lakini ukiniuliza mechi inayoonyesha ukubwa wake nitaitaja hiyo kabla ya nyingi alizofunga. Msimu uliofuata alipoachiwa kushambulia kwa uhuru alifunga mabao 37 katika mashindano yote, kwa hiyo miguu haikuwa imechoka. Alikuwa amepewa kazi nyingine.

Kuna jambo dogo la kwetu hapo. Dakika ya 86 ya mechi hiyo Eto'o alipumzishwa, na aliyeingia badala yake alikuwa McDonald Mariga wa Kenya. Mariga ana medali ya Ligi ya Mabingwa. Ni heshima kubwa kwa Afrika Mashariki na hakuna wa kumpokonya. Lakini kwenye fainali alikaa benchi dakika zote. Ndiyo sababu nasema medali zisihesabiwe kama shanga. Karibu na kila taji andikeni dakika alizocheza tangu robo fainali, au kwa ligi, sehemu ya dakika za msimu. Aliyecheza zaidi ya nusu apewe taji zima. Aliyecheza robo mpaka nusu apewe nusu. Chini ya hapo liandikwe tu kuwa alikuwemo. Si sheria ya mbinguni, ila inazuia ujanja wa kulinganisha mtu mwenye medali 20 za benchi na mwenye medali 8 za jasho.

Ili kuona mzigo, video fupi za mabao hazisaidii. Zinakuonyesha sekunde 10 za mtu aliyecheza dakika 90, na straika mvivu na straika mchapakazi wanafanana kabisa ndani ya sekunde 10. Chagueni mechi tano kamili za kila mmoja: mbili kubwa alizoshinda, mbili kubwa alizopoteza, na moja ya kawaida dhidi ya timu ya katikati ya msimamo. Katika kila mechi fuateni mambo manne: anapokea mpira wapi, anaupoteza mara ngapi, anafanya nini sekunde tano za kwanza baada ya timu yake kupoteza mpira, na nani anapata nafasi kwa sababu yeye yupo. Mechi alizopoteza ni za lazima. Wala msimhukumu mtu kwa mechi moja mliyoiona kwa macho. Juni 2008 Kamerun ya Eto'o ilitoka 0-0 na Taifa Stars jijini Dar es Salaam. Angekuwa anapimwa kwa siku hiyo peke yake, mabeki wetu ndio wangekuwa magwiji.

Tuje kwenye siku nzito, uwanja wa nyumbani wa Drogba.

Akiwa Chelsea alifunga mabao tisa katika fainali za vikombe: Kombe la Ligi 2005 dhidi ya Liverpool, mawili dhidi ya Arsenal fainali ya kombe hilohilo 2007, moja dhidi ya Tottenham 2008, Kombe la FA alifunga 2007, 2009, 2010 na 2012, mchezaji wa kwanza kufunga katika fainali nne za kombe hilo, na Ligi ya Mabingwa 2012. Ya mwisho hiyo inastahili kusimuliwa kwa utulivu. Munich, Mei 19, kwenye uwanja wa Bayern wenyewe. Thomas Müller anafunga dakika ya 83. Dakika ya 88 Juan Mata anapiga kona, kona ya kwanza ya Chelsea siku ile, na Drogba anaipiga kichwa mpaka nyavuni. Dakika za nyongeza yeye huyohuyo anamchezea rafu Franck Ribéry ndani ya boksi. Čech anaipangua penalti ya Arjen Robben. Mikwaju ilipofika, wa mwisho alikuwa Drogba, akafunga. Njiani kuelekea huko alikuwa ameifunga Napoli kwenye ile 4-1 ya Stamford Bridge na kufunga bao pekee dhidi ya Barcelona mechi ya kwanza ya nusu fainali. Msimu huo wa ligi alikuwa na mabao matano tu. Hapo ndipo mnaona kwa nini ligi na siku nzito ziandikwe karatasi mbili.

Ila karatasi ya siku nzito ni lazima iwe na upande wa pili, la sivyo ni sifa za harusini. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Moscow 2008, Drogba alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 116 kwa kumpiga Vidić kibao, dakika chache kabla ya matuta ambayo Chelsea ilishindwa. Fainali ya Kombe la Mataifa 2006 dhidi ya Misri alikosa penalti kwenye matuta. Fainali ya Libreville 2012 dhidi ya Zambia alipaisha penalti dakika ya 70, mechi ikaisha 0-0, Zambia ikachukua kombe kwa 8-7. Andikeni yote. Makosa hayo hayamfuti. Yanaonyesha kwamba kila wakati mzito aliyekuwa mbele ya mpira alikuwa yeye.

Na msidanganyike kwamba Eto'o aliwakimbia wakubwa. Fainali ya Kombe la Mfalme Hispania 2003 aliifungia Mallorca mabao mawili wakaishinda Recreativo 3-0, taji ambalo klabu hiyo ndogo ya kisiwani haikuwa imewahi kulipata. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Paris 2006, Barcelona ikiwa nyuma kwa Arsenal, alisawazisha dakika ya 76. Roma 2009 nimeshaitaja. Madrid 2010 hakufunga, lakini pasi ya bao la pili la Milito ilitoka kwake. Fainali ya Olimpiki Sydney 2000 alifunga dhidi ya Hispania, akiwa na miaka 19. Desemba 2010 alifunga pia fainali ya Klabu Bingwa Dunia, na waliofungwa 3-0 siku ile walikuwa TP Mazembe wa Lubumbashi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hatua hiyo. Kwa siku nzito Drogba yuko mbele kwa nusu hatua, na nusu hatua hiyo inatokana na Munich.

Rafiki yenu wa tatu, wa Kombe la Mataifa, ninamheshimu kwa sababu taifa lina uzito, lakini kipimo chake kina tundu. Angalieni mabao 18 ya Eto'o, rekodi ya mashindano hayo. Yagawanyeni: manne mwaka 2000, moja 2002, moja 2004, matano 2006, matano 2008, mawili 2010. Kamerun ilichukua kombe 2000 na 2002. Kumi kati ya mabao yake yamo kwenye mashindano mawili ambayo haikulichukua, na 2002 ilipolichukua yeye alifunga moja tu. Kikombe ni cha kikosi. Alichokuwa nacho Kamerun ile, pamoja na Patrick Mboma, Rigobert Song na Marc-Vivien Foé, ni timu iliyokamilika.

Drogba ana mabao 11 ya mashindano hayo na fainali mbili zilizopotea kwa matuta. Ya 2012, Kodivaa haikuruhusu hata bao moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mashindano, bado ikakosa kombe. Alistaafu timu ya taifa Agosti 2014. Miezi sita baadaye, Februari 2015, Kodivaa ikalichukua, tena kwa matuta, na aliyepiga penalti ya ushindi ni kipa Boubacar Barry. Kama kikombe ndicho kipimo cha ukubwa, basi Barry kamzidi Drogba. Hakuna kijiwe kitakachokubali hilo, wala Barry mwenyewe hajawahi kuhitaji kuambiwa hivyo. Hesabuni kilicho mikononi mwa mchezaji: mabao ya mashindano yenyewe, mabao ya kufuzu, nafasi yake kwenye mechi za mtoano. Kwa jumla ya timu ya taifa Drogba ana 65 na Eto'o 56. Kwa mashindano yenyewe ni 11 kwa 18. Kombe la Dunia wote wawili ni wadogo: Eto'o mabao matatu, Drogba mawili, na hakuna aliyevuka makundi, ingawa Drogba aliangukia Ajentina na Uholanzi mwaka 2006, Brazili na Ureno mwaka 2010.

Mara moja walikutana ana kwa ana kwa namna ya kusisimua: robo fainali ya Kombe la Mataifa 2006, Misri. Sare ya 1-1, matuta yakafika mzunguko wa pili. Eto'o akakosa mkwaju wake wa pili, Drogba akafunga, 12-11. Nimeiona ikitumika kama ushahidi wa mwisho kwamba Drogba ni zaidi. Penalti moja baada ya zingine zaidi ya 20 haiwezi kubeba uzito huo. Ina utamu, si ushahidi.

Kitu kingine cha kuangalia ni waliokuwepo walisema nini wakati ule, kabla kumbukumbu haijapakwa rangi. Eto'o alikuwa mchezaji bora wa Afrika 2003, 2004, 2005 na 2010. Drogba 2006 na 2009. Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, Drogba alimaliza wa nne 2007, Eto'o wa tano 2009. Kura zina upendeleo wake, lakini zinasaidia pale mtu wa leo anaposema fulani hakuwahi kutambuliwa. Kwa wachezaji wetu wa zamani hata kura hizo hazipo, wala dakika hazikuandikwa. Peter Tino aliyefunga Ndola mwaka 1979 na kuipeleka Taifa Stars Kombe la Mataifa la 1980 huwezi kumpimia dakika kwa bao. Hapo mtategemea magazeti ya siku ile na mashahidi zaidi ya wawili wasiokuwa mashabiki wa klabu moja.

Karatasi ya pembeni sasa. Oktoba 2005, Kodivaa ilipofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya kuishinda Sudani 3-1 Omdurman, Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakiwasihi wananchi waweke silaha chini. Juni 2007 mechi dhidi ya Madagaska ikachezwa Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda 5-0. Ni jambo kubwa sana kwa mwanasoka. Lakini kusema alimaliza vita ni kuwanyima haki waliokaa mezani; mkataba wa Ouagadougou ulisainiwa Machi 2007, na vita vilirudi tena baada ya uchaguzi wa 2010. Eto'o naye anaongoza shirikisho la soka la Kamerun tangu Desemba 2021, na uongozi huo una wanaousifu na wanaoulaumu. Yote hayo ni urithi wao kama watu wa umma. Mguu wa kushoto wa mtu haupandi wala haushuki kwa sababu ya kikao cha shirikisho.

Alama sasa. Kila sehemu mpe mchezaji alama kati ya 0 na 10, kisha zidisha kwa uzito. Uzito ninaoupendekeza: kilele 30, kudumu 20, siku nzito 20, mzigo 15, taifa 15, jumla 100. Eto'o ninampa 9, 9, 8, 8 na 9. Drogba 8, 7, 9, 9 na 7. Eto'o anapata 86.5, Drogba 80. Huenda mtabishana na alama zangu moja moja, na mnaruhusiwa, ila kila mtu aandike zake kimya kabla ya kuonyesha, na anayetaka kubadili alama alete msimu au mechi, asilete sauti.

Halafu fanyeni jaribio la mwisho: badilisheni uzito muone jibu linageuka lini. Mkiamini siku nzito ndiyo soka lenyewe, ipeni 40, kilele 20, mzigo 20, kudumu 10, taifa 10. Kwa alama zilezile Eto'o anapata 84 na Drogba anapata 84. Hapo ndipo ubishi wenu ulipolala muda wote huu. Kumweka Drogba juu kunahitaji uzipe mechi chache za mwisho wa msimu zaidi ya 40 kati ya 100 ya uzito wote wa maisha ya mchezaji. Kuna watu wanaoamini hivyo kwa dhati, na shabiki wa Chelsea aliyekesha usiku ule wa Munich siwezi kumwambia amekosea. Mimi siamini hivyo. Mshambuliaji anaajiriwa kwa mechi 38 na fainali inakuja ikiwa zile zimefanyika. Kwa hiyo jibu langu ni Eto'o, na sababu yangu ya kwanza ni misimu ile ya Barcelona, ya pili ni usiku ule wa Camp Nou aliocheza beki wa pembeni. Muulizeni rafiki yenu wa Drogba anaipa siku nzito uzito gani. Akisema zaidi ya 40, mwacheni na jibu lake, ni halali. Akisema chini ya hapo, mpeni karatasi apige hesabu upya.